Katapila Halina Macho Nyuma

Jumatatu, 1 Machi 1954

Limefika. Limeshushwa stesheni likiwa limefunikwa turubai, na nilipolifunua nikalitambua kabla sijafuta vumbi: katapila la Kongwa, aina ileile niliyoendesha miaka mitatu kwenye shamba la karanga. Karanga zimekufa, serikali inauza vyuma, na kaka yangu Theophil, ambaye maisha yake yote ameuza sufuria na taa za chemli Mtaa wa Kongo, amelinunua bila hata kuniuliza lina kasoro gani. Anasema masika ikianza, kila gari litakalozama bonde la Msimbazi litatuita. Dereva ni mimi. Cheti changu cha Kongwa kiko ukutani chumbani, ndani ya fremu ya kioo, karibu na picha ya Bikira Maria, na mke wangu, Mama Agnesi, hunicheka kwamba nakifuta vumbi mara nyingi kuliko hiyo picha. Acha acheke. Bila cheti kile mimi ni Mchaga mwingine tu wa kubeba magunia sokoni.

Mzungu aliyenifundisha alitaka dereva aandike kila siku mashine imefanya nini na imekataa nini. Daftari nimelichukua dukani kwa kaka.

Limefanya: limewaka mara ya tatu, kwa petroli kwanza, kisha nikaligeuzia mafuta ya taa. Limekataa: kupita kwenye lami. Meno yake yanaichimba, na bwana wa manispaa alisimama pale mkono kiunoni mpaka tukatandika matairi makuukuu mbele ya katapila, likapita, tukayaokota, tukayatandika tena. Kutoka stesheni hadi yadi yetu ya bondeni mtu mzima anatembea hajamaliza sigara mbili. Sisi tumetumia tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Kariakoo nzima ilitoka kututazama, na wanawake wakapiga vigelegele, eti bibi harusi hakanyagi chini.

Jumatano, 3 Machi

Kaka ameniletea msaidizi. Anaitwa Sadalla, Mzaramo wa Buguruni, mtu mzima wa rika langu, zamani alikuwa kuli bandarini. Kazi yake ni kutembea nyuma, kufunga mnyororo na kuniambia yaliyo mgongoni kwangu. Ukikaa kwenye kiti unaona bomba la moshi na ya mbele tu. Katapila halina macho nyuma, na ukitaka kugeuza shingo wakati linavuta, utageuza peke yako, lenyewe litakwenda linakotaka.

Tumegombana siku hiyohiyo. Nilimwambia Kongwa tulikuwa tukisema "stopu". Akasema bandarini winchi ikitakiwa isimame wao husema "basi", na basi ni basi, hata mtoto anaelewa. Halafu akaomba tutumie filimbi, kwa kuwa kaka anazo boksi zima dukani. Nikamwuliza kwani yeye ni refa. Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 9 Machi

Hakuna mvua, hakuna kazi. Kaka anakuja yadi asubuhi na jioni kutazama mawingu.

Jumapili, 14 Machi

Padri ameombea mvua. Kaka Theophil aliitikia Amina mpaka watu wa mbele wakageuka.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua tangu alfajiri. Limefanya: limeng'oa visiki vitatu vya minazi Ilala, kila kimoja kama jino bovu, na lori la mkaa limelitoa bondeni bila hata kukohoa. Pale ambapo watu ishirini wanateleza, lenyewe linatembea juu ya tope. Nilijisikia mtu tena. Limekataa: haraka. Mwenye lori alituita asubuhi, tukafika saa saba, akatutukana kwa hasira ya njaa.

Sadalla ana miguu mepesi na anafunga mnyororo vizuri, hilo nalikubali. Ila ana maneno mengi. Kila kitu chenye magurudumu yeye anakiita "gari". Lori ni gari, basi la abiria ni gari, hata mkokoteni wa maji ni gari. Nikamwambia vitu vina majina yake. Akasema, "Fundi, likizama matopeni yote ni gari tu."

Jumanne, 30 Machi

Mvua. Malori mawili.

Jumanne, 6 Aprili

Leo nusura niage dunia. Tulikuwa tunashuka mteremko wa Ilala tukivuta magogo nyuma. Asiyejua katapila hataniamini, lakini ni hivi: kwenye tambarare ukivuta wenzo wa kushoto linakwenda kushoto. Kwenye mteremko, mzigo ukilisukuma, ukivuta wa kushoto linakwenda kulia. Kongwa kulikuwa tambarare. Hili nilifundishwa kwa maneno, mikono haijawahi kulijua. Nikavuta kushoto, likaenda kulia, nikavuta zaidi, likazidi kwenda, huku mbele nyasi tupu. Nyuma nikasikia sauti moja, kavu: "Basi!"

Nikakanyaga breki zote mbili. Sadalla akapita mbele akachoma nyasi kwa fimbo, fimbo ikazama yote. Choo cha shimo, kimefunikwa kwa mabati yaliyooza. Tani nne za chuma na mimi juu yake tungezikwa mavini.

Sikumshukuru. Nilimwambia aangalie magogo yasibingirike. Naandika hapa kwa sababu Mama Agnesi amesema niandike. Ameniuliza, mtu akikuokoa na shimo la choo ni lazima awe na cheti ndipo apewe ahsante?

Jumapili, 18 Aprili

Pasaka. Mvua hata kanisani, bati linavuja juu ya kwaya. Kaka ametualika nyama. Anapanga kununua la pili. Amenikumbatia mbele ya wageni akasema, "Huyu ndiye mikono yangu." Nilifurahi sana, sifichi.

Jumanne, 27 Aprili

Limekataa kutembea kutwa. Mchanga wa mto umeingia kwenye pini za mikanda ya chuma linayotembelea, zinaliwa kama muwa. Sadalla amekaa matopeni tangu asubuhi akizitoa moja moja, akizipaka grisi, akizirudisha. Ameomba tena filimbi, mvua inakula sauti, anasema. Nilimwambia nitamwomba kaka. Nikapita dukani, nikaona boksi pale juu ya rafu, nikazungumza mambo mengine. Kwa nini sikuomba? Kwa sababu lilikuwa wazo lake. Ndiyo hiyo sababu, sina nyingine.

Jumatano, 5 Mei

Ramadhani imeingia. Sadalla anafunga, na kazi hii kwenye funga ni adhabu. Mvua haikatiki.

Jumanne, 11 Mei



Tuliitwa saa tisa alasiri. Basi la Bwana Narendra, liendalo Magomeni, lilikuwa limezama katikati ya bonde, gurudumu la nyuma limeingia mpaka kwenye ekseli. Abiria walikuwa wameshuka, wamejipanga pembeni na makapu yao, mvua inawapiga, na Bwana Narendra mwenyewe amesimama na mwavuli, suruali nyeupe imegeuka ya udongo. Si mtu wa kelele. Aliniambia tu kwa upole kwamba maji ya mto yanapanda, yakifika kwenye injini basi lake limekufa. Kaka naye alikuwapo, maana Bwana Narendra ana mabasi manne na kaka alitaka kazi zake zote. Akaniambia sikioni, leo nimwonyeshe.

Sadalla alifunga mnyororo mbele ya basi, kisha akaenda nyuma na mbao, aiweke chini ya gurudumu lipate pa kukanyaga. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa funga. Nikaukaza mnyororo polepole, maana ukiushtua unakatika na kumfyeka mtu. Katapila likainama, mikanda ikashika. Nikahisi nyuma yangu uzito unaanza kutikisika.

Abiria wakaanza kupiga kelele: "Basi linatoka! Basi hilo! Basi!" Wanashangilia, wanapiga makofi. Ndani ya kelele zile nikasikia sauti nyingine, ya chini zaidi. "Basi." Nikajiambia ni basi la Narendra. Linatoka. Vuta. Ikaja tena, na safari hii ilikuwa ndefu, haikuwa tena neno. Nikavuta. Kaka alikuwa mbele yangu akinipungia mkono: njoo, njoo.

Makofi yakakatika yote mara moja. Ndipo nikasimama.

Mbao ilikuwa imechomoka, mguu wa Sadalla ukaingia mahali pake. Gurudumu lilipanda juu yake na kukaa. Ilibidi nilegeze mnyororo basi lirudi nyuma shimoni ili wamtoe, na liliporudi nilimsikia, na hiyo sikuidhania kuwa kitu kingine.

Limefanya: limetoa basi. Sijui niandike nini chini ya hapo.

Jumatano, 12 Mei

Hospitalini wamemkata mguu chini ya goti. Mvua.

Jumamosi, 15 Mei

Nataka kusema ukweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Mtaani kila mtu anasema ni bahati mbaya, neno limegongana na neno, na nani angejua. Hata Bwana Narendra alikuja yadi akaniambia yeye mwenyewe aliposikia "basi" alidhani linasemwa gari lake. Ananifariji, na faraja ile nimeishika kwa mikono miwili.

Lakini Bwana Narendra hamjui Sadalla. Miezi miwili na nusu nimekaa naye, hata siku moja hajawahi kuliita basi la abiria "basi". Kwake ni gari. Basi ya Sadalla ina maana moja, nami naijua, ndiyo iliyoniokoa kwenye shimo la Ilala. Na sauti yake naijua pia. Mara ya kwanza labda sikuisikia vizuri. Mara ya pili niliisikia. Mkono ulikuwa tayari kwenye wenzo, kaka ananipungia, watu wanashangilia, na sikutaka kusimama.

Jumanne, 18 Mei

Kaka alikuja nyumbani, hajawahi kuja siku ya kazi. Alikaa chini ya cheti changu, akala ndizi za Mama Agnesi, akasifu. Kisha akasema Mkaguzi wa serikali atatuita Jumatatu. Hakunilazimisha kitu, niwe mkweli. Alisema tu kwamba dereva akikutwa na kosa, cheti kinachukuliwa, katapila linalala, na yeye hana dereva mwingine. "Wewe ulikuwa umeangalia mbele," akasema. "Sema hivyo tu. Si uongo." Akiondoka alimpa binti yetu Agnesi peremende.

Mama Agnesi alimaliza kuosha vyombo. Kisha akasema si uongo kweli, nilikuwa nimeangalia mbele.

Jumatatu, 24 Mei

Mkaguzi ni Mzungu mwenye maumivu ya tumbo, anakunywa maji moto kila mara. Karani wake ndiye aliyeandika. Mkaguzi alieleza kwamba bohari la barabara linatafuta mlinzi wa getini, kazi ya kukaa, na yuko tayari kumpa Sadalla, ikiwa itaonekana hakuumia kwa uzembe wake mwenyewe. Sadalla yuko bado kitandani, kwa hiyo nikaulizwa mimi: je, alitoa ishara ya kusimama?

Nilisema, "Sikusikia ishara."

Karani akaandika, akanigeuzia karatasi nitie sahihi. Ilisema: Msaidizi hakutoa ishara.

Wengine hutia dole gumba, hawajui walichowekea. Mimi najua kusoma. Nilisoma maneno yale matatu mara mbili, nikaona kabisa tofauti ya sikusikia na hakutoa, nikachovya kalamu, nikaandika jina langu lote, Severine, na lile la baba yangu. Hata mwandiko ulikuwa mzuri.

Mkaguzi akasema faili litakuwa wazi hadi mwisho wa Juni. Mwenye neno jingine aje kabla ya hapo. Nje kaka alinishika bega. Nilikuwa nikimwona mtu mkubwa tangu utotoni. Leo niliona muuza sufuria tu aliyefurahi sufuria haikuvunjika, na mimi ndiyo sufuria.

Alhamisi, 3 Juni

Idi. Nimekwenda Buguruni. Nilibeba sukari na kitambaa cha mkewe, Mwamvita, na njia nzima nilikuwa nikitafuta sababu ya kurudi. Mvua yenyewe ikakatika, ikaninyima hata hiyo.

Sadalla alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, kanzu safi, magongo mawili ukutani. Watu walikuwa wakipita kumpa mkono wa Idi, na baadhi, nilisikia kwa masikio yangu, wanamwita aliyejikata mguu mwenyewe. Wanamtania, wanadhani ni utani. Yeye anatabasamu. Alinikaribisha kama mgeni wa heshima, akaniuliza habari za pini za mikanda.

Walipopungua watu nilisema. Nilisema haraka, nikitazama mkeka. "Sadalla, siku ile nilikusikia. Mara ya pili nilikusikia vizuri."

Mwamvita alikuwa mlangoni na sinia. Kisha Sadalla akasema, "Basi."

Neno hilo tu. Sauti ilipanda kidogo mwishoni, nadhani kwa uchovu. Mwamvita akaweka sinia, pilau la nyama, nikala, nikamaliza. Mungu wangu, mzigo ulionishuka! Nimerudi Kariakoo kwa miguu nikiimba.

Alhamisi, 10 Juni

Nimelala vizuri wiki nzima. Limefanya: limesawazisha kiwanja Magomeni. Bwana Narendra amempa kaka kazi zake zote.

Jumamosi, 19 Juni

Mvua imekwisha kabisa. Bondeni tope limekauka na kupasuka, malori yanapita yenyewe, hayatuhitaji. Jua likiwaka, katapila ni kitu cha kuku kutagia.

Mama Agnesi ameniuliza kama nimekwenda kwa Mkaguzi. Nikamwambia hakuna haja, Sadalla mwenyewe alisema basi, yamekwisha. Akauliza, "Alisema vipi?" Nikamwambia alisema tu, basi. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumatatu, 5 Julai

Mwamvita amekuja dukani kwa kaka, saa nne, duka limejaa. Alitoka Buguruni kwa miguu, kanga imejaa vumbi. Kaka alimwuliza anataka sufuria gani. Akasema hataki sufuria, anamtaka Fundi. Nikatoka nje naye, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta.

Nilimwamkia, akaitikia, adabu yote. Aliniambia wanahama, wanarudi kwao Maneromango, ndugu wa mumewe wana shamba la mihogo na chumba. Kazi ya geti imepewa mtu mwingine Ijumaa. Nikasema pole, na nikasema namshukuru Mungu kwamba mimi na Sadalla tuliyamaliza siku ya Idi.

Hapo ndipo alipobadilika uso. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Mliyamaliza wapi, Fundi? Ulisema ulimsikia. Akakuuliza: basi? Maana yake, haya, sasa utafanya nini. Ukanyamaza, ukala pilau langu, ukaondoka unaimba. Mwezi mzima anakusubiri pale barazani. Kila gari likisimama anasema ni Fundi, ametoka kwa Mkaguzi."

Nilimwuliza kwa nini hawakuniita, kwa nini hawakutuma mtu. Akasema mumewe alikataa. Alisema mtu hashurutishwi kusikia.

Akafunga kanga vizuri na kuondoka. Nimekaa kwenye ngazi ya duka mpaka kaka akaniambia nazuia wateja. Sauti ilipanda mwishoni. Niliandika hapa kwa mkono wangu mwenyewe, tarehe tatu Juni, kwamba ilipanda. Nimefungua ukurasa, nimeangalia, ipo. Siku ile bondeni nilichukua basi iliyonifaa, nikamkata mguu. Buguruni nikachukua tena iliyonifaa. Kwa katapila nilisema halina macho nyuma. Mimi masikio ninayo, mawili, mazima, na yanachagua.

Kaka ameanza kumfundisha msaidizi mpya. Amempa filimbi.

Jumanne, 6 Julai

Asubuhi nimekitoa cheti kwenye fremu. Mama Agnesi alinishikia kioo. Hakuuliza ninakwenda wapi, alinipigia pasi shati.

Ofisi ya Mkaguzi ilikuwa imefunguliwa nusu. Mkaguzi amekwenda likizo kwao, kuna karani tu, yuleyule. Nikamwambia nimekuja kubadili maneno yangu: msaidizi alitoa ishara, nilimsikia, kosa ni langu, na hiki hapa cheti, wakichukue. Nilikiweka mezani mbele yake. Nilitaka akichukue. Sijawahi kutaka kitu namna ile.

Aliangalia kalenda ukutani, akatafuta kwenye kabati, akarudi. Akasema faili lilifungwa tarehe thelathini, limekwenda makao makuu, na mlinzi wa geti ameshaanza kazi. Nikamwomba aandike hata pembeni, hata kwa penseli. Akasema hakuna pa kuandika. Akakisukuma cheti changu kwenye meza hadi upande wangu kwa ncha ya kidole, taratibu, ili kisichafuke wino.

"Chukua karatasi yako, Bwana Severine," akasema. "Basi."

Hiyo niliielewa mara moja.